Elimu ya kuzuia ukatili kwa watoto isiachwe kwa hiari ya mwenye shule

Shule binafsi ikifundisha vizuri somo la kujikinga na ukatili, hasa wa kingono, jambo la kwanza linalotokea ni taarifa kuongezeka. Wiki ileile, au kabla mwezi haujaisha, mtoto anamfuata mwalimu wakati wa mapumziko na kusema jambo ambalo lilikuwapo siku nyingi. Mwenye shule ambaye hakuandaliwa huona balaa: shule ilikuwa imetulia, wamekuja watu na somo lao, sasa kuna polisi getini. Shule ya jirani ambayo haijafundisha lolote inabaki na jina safi, na Januari shule hiyo ndiyo inayopokea watoto wanaohamishwa.

Sisi tunaopeleka somo hili mashuleni tumeona mwendo huo ukijirudia kiasi cha kutoamini tena kwamba hiari inatosha. Mwenye shule mwema anayeanza peke yake analipa gharama ambayo aliyekaa kimya hailipi. Ndiyo maana tunataka liwe sharti la usajili kwa shule zote, ili pasiwe na shule ya kukimbilia kwa sababu tu haijawahi kusikia kitu.

Uchambuzi wa 2015 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima tafiti za afya, ulikusanya tafiti 24 za mafunzo ya kuzuia ukatili wa kingono mashuleni, zenye washiriki 5,802. Waliofundishwa walijua zaidi hatari ilivyo na namna ya kujikinga. Katika kila watoto 1,000 ambao hawakufundishwa, 4 walieleza kwamba wametendewa ukatili huo. Katika waliofundishwa, 14. Uchambuzi huohuo haukuweza kuthibitisha kwamba somo peke yake linapunguza idadi ya watoto wanaotendewa, na jambo hilo tunalisema waziwazi mbele ya kila bodi ya shule. Mtoto akishasema, kazi inayobaki ni ya watu wazima, na shule nyingi hushindwa hapo.

Hapa Tanzania utafiti wa kitaifa wa 2009, uliotolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takribani mvulana 1 kati ya 7 walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao, na zaidi ya nusu ya wavulana, hawakumwambia mtu yeyote. Kwa wasichana waliotendewa, asilimia 23 walitaja tukio lililotokea njiani kwenda au kutoka shule, na asilimia 15 tukio lililotokea ndani ya eneo la shule. Kwa hiyo mwenye shule ya watoto 600 akitufungulia rejista isiyo na taarifa hata moja kwa miaka mitano, tunajua tunaanza na watoto ambao hawana wa kumwambia.

Wajibu wa kutoa taarifa upo tayari kisheria. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Kinambana mwenye shule binafsi sawasawa na mwalimu wa serikali. Pengo liko kwenye nidhamu ya kazi. Tume ya Utumishi wa Walimu inasimamia walimu walio katika utumishi wa umma. Mwalimu wa shule binafsi anayeondolewa kwa kumshikashika mtoto haachi jalada kwenye Tume. Anaondoka na barua ya kusitishiwa mkataba, na mara nyingi na barua ya kumsifu pia, ili aondoke kimya. Muhula unaofuata anafundisha mkoa mwingine. Kenya walichukua njia nyingine: tume yao ya walimu, TSC, inasajili walimu wa shule za umma na binafsi, hutangaza majina ya waliofutwa kwenye rejista, na waraka wake namba 3 wa 2010 unamtaka mwalimu mwenye taarifa aripoti ndani ya saa 24. Kwetu, Bodi ya Kitaalamu ya Walimu iliyoundwa kwa sheria ya 2018 inaweza kuziba pengo hilo upande wa walimu. Dereva, matroni, mpishi na mlinzi watabaki nje ya rejista hiyo, na hao ndio wanaokaa na watoto saa ambazo mwalimu hayupo.

Ndiyo maana mafunzo yanaanza na watu wazima, wote, kabla mtoto hajaambiwa neno. Siku mbili zinatosha. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kuyapanga wakati wa likizo, walimu wakiwa kwenye kikao na madereva wakiwa makwao. Yapangwe Jumamosi mbili za mwanzo wa muhula, na orodha ya mishahara itumike kuhakiki nani hajafika: dereva, matroni wa basi, patroni, wapishi, walinzi, wafanya usafi, kocha wa mpira, mwalimu wa tuisheni anayelipwa kwa saa. Kosa la pili ni lugha. Shule za mchepuo wa Kiingereza hupenda kufundisha kwa Kiingereza; mpishi anatikisa kichwa, anasaini mahudhurio, anarudi jikoni bila kitu. Yafanyike kwa Kiswahili. Mwenye shule akae ndani asubuhi ya kwanza yote. Asipokuwepo tunaahirisha, kwa sababu wafanyakazi hupima uzito wa jambo kwa kumwangalia yeye.

Kilicho muhimu kuliko dalili za mtoto, ambazo zinaweza kuwa na sababu kumi nyingine, ni mwenendo wa mtu mzima. Mfanyakazi anayejichagulia mtoto mmoja wa kumpendelea. Anayempa zawadi ambazo mzazi hajui. Anayemwita chumbani kwake kubeba madaftari, anayemfundisha tuisheni peke yake mlango ukiwa umefungwa, anayemtumia mwanafunzi ujumbe usiku. Wafanyakazi hujifunza kuyataja hayo mapema, kama ukiukaji wa kanuni, bila kusubiri ushahidi wa kosa la jinai. Kanuni iliyoandikwa inamlinda hata yule asiye na nia mbaya, maana anajua mpaka uko wapi.

Zoezi linalofunua mengi kuliko yote ni fupi. Tunauliza: mtoto wa darasa la pili anakwambia leo hapandi basi, utamjibu nini? Karibu chumba kizima hujibu, acha utundu, panda. Tunalirudia mpaka jibu liwe swali: kuna nini kwenye basi? Halafu kimya, asikilizwe.

Suala la viboko linaingia hapahapa, na hatulikwepi. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Katika shule nyingi kila mwalimu ana fimbo na kitabu hakipo. Mtoto hatamwendea mtu aliyemchapa asubuhi kumweleza alichofanyiwa jioni. Mwalimu anayeteuliwa kuwa wa unasihi, yaani wa kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi, asishike fimbo kabisa, na wanafunzi waambiwe hivyo hadharani.

Mzazi afikiwe kabla ya kipindi cha kwanza cha watoto. Hofu inajulikana: mnawafundisha watoto ngono. Haitoweki kwa hotuba. Inatoweka mzazi anaposhika kitini na kukisoma mwenyewe. Siku ya wazazi kutembelea bweni, au siku ya kuchukua ripoti, huleta wazazi wengi kuliko kikao maalumu. Mkieleza, mwalikeni pia anayelea mtoto mchana, awe bibi au dada wa kazi, maana mtoto akisema nyumbani, huenda huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kusikia.

Kisha darasani. Kwa awali hadi darasa la pili, dakika 20 hadi 30, mara nne ndani ya mwezi. Kwa darasa la tatu hadi la saba, kipindi kizima cha dakika 40. Na kila muhula marudio, kwa sababu somo la mara moja husahaulika. Fundisheni Jumatatu hadi Jumatano asubuhi. Somo likifundishwa Ijumaa mchana au wiki ya kufunga shule, mtoto aliyepata ujasiri anarudi nyumbani nao, na pengine huko ndiko anakoumizwa. Baada ya kipindi mwalimu abaki pale kwa saa nzima akifanya kazi ya kawaida, mlango wazi. Watoto wengi husema wakati huo, wakijifanya wamekuja kuulizia kitu kingine.

Katika shule zinazoadhibu mtoto kwa kuongea Kiswahili, amri hiyo isimamishwe kwa maneno mbele ya darasa: kwa jambo hili, sema kwa lugha yoyote. Bila hivyo mtoto wa miaka saba atatafuta maneno ya Kiingereza ya kueleza kilichotokea chooni, atakosa, na atanyamaza.

Makosa ya ufundishaji ni machache, lakini yanaharibu sana. La kwanza ni kufundisha mguso mzuri na mguso mbaya kwa kigezo cha maumivu. Anayewinda mtoto huanza kwa mguso usiouma, hata unaofurahisha, na mtoto huhesabu kuwa ni mzuri. Fundisheni kwa kanuni: sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani haziguswi, hazitazamwi wala hazipigwi picha na mtu mwingine, isipokuwa kwa usafi au matibabu, na hata hapo si kwa siri. Sehemu hizo zitajwe kwa majina yake, uume, uke, matako, kwa sababu mtoto anayejua jina la nyumbani tu anaweza kueleza tukio zima na mwalimu asielewe. La pili ni kusema "jihadhari na mtu usiyemjua". Wanaowaumiza watoto kwa sehemu kubwa ni watu wanaofahamika: anko wa basi, binamu, mwalimu wa tuisheni, mwanafunzi mkubwa wa bweni. Mifano ya darasani iwe na watu hao.

La tatu ni kumwachia mtoto mzigo. Tunamfundisha kukataa, kuondoka na kusema, na tunaongeza sentensi ambayo waalimu wengi huiruka: hata kama hukupiga kelele, hata kama ulipokea pipi, hata kama umekaa mwaka mzima bila kusema, kosa si lako na bado unaweza kusema. Mtoto akiogopa hukakamaa; asipoambiwa kuwa hilo ni kawaida, somo lenyewe linamfanya ajione amefeli. Kuhusu siri, tofauti ambayo hata mtoto wa awali anaielewa ni hii: zawadi ya mama ya siku ya kuzaliwa inafichwa mpaka siku yenyewe, kisha wote wanajua; siri ya mwili inaambiwa ifichwe daima. Na kuhusu heshima: mtoto ataendelea kutoa shikamoo kwa kila mkubwa, lakini shikamoo haimdai akumbatie, apakatwe wala abusu mtu.

Mwisho wa kipindi kila mtoto aandike au achore watu wazima watatu anaoweza kuwaambia, angalau mmoja nje ya nyumbani na mmoja nje ya shule. Karatasi zisibandikwe ukutani. Kusanyeni, zisomeni: aliyeshindwa kumpata hata mmoja ndiye wa kuanza naye kesho yake, kwa upole, bila kumwita kwa jina mbele ya wenzake.

Mtoto akisema, saa chache za kwanza ndizo zinazoamua. Aliyeambiwa asikilize mpaka mwisho na asiulize zaidi ya kinachohitajika kujua kama mtoto yuko salama sasa hivi. Asiahidi kutunza siri. Aseme, nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kusaidia. Ndani ya saa moja aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka, kwa lugha aliyotumia, pamoja na muda na mahali, asaini. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mtoto aliyehojiwa na mwalimu wa darasa, kisha wa nidhamu, kisha mkuu, kisha meneja, anafika polisi akiwa amechoka na maelezo yamebadilika, na wakili wa upande wa pili atayashika hapohapo.

Kosa baya kuliko yote ni kuwaita mtoto na mtuhumiwa ofisi moja eti zisikilizwe pande zote. Hatujawahi kuona likizaa ukweli. Mtoto hukana papo hapo, na mtuhumiwa anapata muda wa kufuta simu yake. Shule haina kazi ya upelelezi. Siku hiyohiyo taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Mzazi aitwe ana kwa ana, ila pale anayetajwa ni wa nyumbani, afisa ustawi ndiye aamue nani aambiwe na lini. Kwa ukatili wa kingono mtoto afike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU haifanyi kazi ikichelewa zaidi ya hapo. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Tiba isisubiri PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Pale penye hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, mpelekeni huko, kwa kuwa daktari, polisi na ustawi wanapatikana sehemu moja. Mtuhumiwa aondolewe kwenye kazi ya watoto siku hiyo bila kuelezwa nani amesema.

Kisha huja wito wa kumalizana. Familia ya mtuhumiwa inaleta pesa, mwenye shule anaona afadhali, wakati mwingine hata mzazi analegea. Mkataba wa ajira na fomu ya kujiunga na shule viandikwe tangu mwanzo kwamba shule haitashiriki wala kuandaa kikao cha namna hiyo. Kikiwa kwenye karatasi iliyosainiwa, mkuu wa shule ana pa kushika anaposukumwa.

Namba 116 ya simu kwa mtoto ni bure na inapendeza ikiandikwa ukutani. Bweni, simu za wanafunzi zimekatazwa, kwa hiyo namba hiyo ni mapambo mpaka shule iweke simu moja mahali ambapo mwanafunzi anaweza kupiga bila kuomba ruhusa na bila kusikika. Sanduku la maoni lina shida ileile. Tunalikuta mbele ya ofisi ya mkuu, ufunguo ukiwa kwake. Lihamishiwe kwenye njia ya maktaba au vyoo, ambako kupita ni jambo la kawaida. Lifunguliwe kila Ijumaa asubuhi na watu wawili, mmoja akiwa mzazi wa bodi au afisa kutoka nje ya shule. Na wadogo wasiojua kuandika wawekewe vikadi vya rangi, wanavyodumbukiza vikiwa na picha au namba yao tu.

Basi la shule linahitaji kanuni tatu zisizo na msamaha: matroni anapanda kabla ya mtoto wa kwanza na anashuka baada ya wa mwisho, hakuna mtoto anayekaa kiti cha mbele, dereva habadilishwi bila mzazi kujulishwa kwa jina. Matroni hukosekana zaidi alfajiri, mijini ambako watoto huchukuliwa saa kumi na moja kungali giza, kwa sababu hakuna anayemleta yeye kituoni saa hiyo. Gharama ya kumleta iingizwe kwenye nauli. Bweni, Machi 2023 Kamishna wa Elimu alizuia kulaza watoto wa awali hadi darasa la nne bila kibali maalumu. Kwa wanaobaki, tenganisheni wakubwa na wadogo katika mabweni na zamu za kuoga, wekeni taa kwenye njia ya vyoo usiku kucha, na semeni waziwazi darasani kwamba anayeumiza anaweza kuwa mwanafunzi mwenzako.

Katika kuajiri, cheti cha polisi kinaonyesha waliotiwa hatiani tu, nao ni wachache. Kinachosaidia ni kupiga simu kwa waajiri wawili waliopita, kwa namba mliyoitafuta wenyewe na si iliyo kwenye wasifu, na kuuliza: mngemrudisha kufanya kazi na watoto? Kusitasita kwa upande wa pili kuandikwe.

Likiwa sharti, hatari yake ni kugeuka makaratasi. Tumesoma sera zilizonakiliwa hadi jina la shule nyingine likabaki ukurasa wa tatu. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule wa serikali, asiombe sera kwanza, wala idadi ya taarifa isitumike kuishusha shule daraja. Ikitumika hivyo, mwezi ujao rejista zote zitakuwa tupu. Aangalie kila taarifa iliyoingia ilifika wapi na kwa saa ngapi. Achague mwenyewe wanafunzi watano wa madarasa tofauti, aulize kila mmoja: ukiumizwa na mtu mkubwa wa hapa, utamwambia nani, na kama huyo hayupo? Alinganishe majina yanayotajwa na jina la mwalimu wa unasihi lililo kwenye faili. Kisha ashuke jikoni na getini, amuulize mpishi na mlinzi swali moja: mtoto akikuambia, unafanya nini leo hii kabla jua halijazama? Wakimtazama mkuu wa shule kabla ya kujibu, mafunzo yarudiwe kwa gharama ya shule, na kibali cha bweni kisubiri.